Sarafu ya Zamani Mkononi: Lini Inastahili Kupelekwa kwa Wataalamu?

Dilolo ni mji wa mpakani katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Reli inayotoka Tenke hufika hapo, huvuka mpaka na kuingia Luau, Angola, kisha hushuka kilomita 1,344 hadi bandari ya Lobito kwenye Atlantiki. Sokoni mwenye duka hutaja bei kwa franga, mnunuzi hutoa dola, na wanaotoka ng'ambo huja na pesa za Angola mfukoni. Karibu pesa yote inayopita mikononi ni karatasi. Ndiyo maana sarafu ikitokea, iwe katika chenji ya mfanyabiashara aliyerudi kutoka Luau, katika kopo la marehemu bibi au chini ya jembe shambani, watu husogea kuitazama. Swali huwa moja: hii ni mali?

Mara nyingi jibu ni hapana. Mara chache ni ndiyo, tena ndiyo kubwa. Kabla ya kulifikia jibu, kuna kazi ya kufanya ambayo haihitaji kumlipa mtaalamu hata dola moja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inawezekana hapohapo Dilolo au katika mji wa migodi wa Kolwezi, kwa vifaa ambavyo wafanyabiashara wa madini na masonara wanavyo tayari.

Kwa nini sarafu zilitoweka

Mwaka 1967 Kongo iliacha franga ikaingia katika zaire. Zaire moja ilichukua nafasi ya franga 1,000, na serikali ikatoa sarafu za sengi na makuta. Sarafu hizo zilinunua vitu kweli kwa miaka kadhaa, hadi mfumuko wa bei ulipozifanya kuwa mzigo mtupu mfukoni. Mwaka 1993 zikaja zaire mpya, moja kwa kila zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 franga ya Kongo ikarudi, moja kwa kila zaire mpya 100,000. Hata senti zake, kuanzia 1 hadi 50, zilichapishwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo sarafu inayosema Kongo au Zaire leo iko katika moja ya makundi mawili. Ama ni ya zamani, kabla ya pesa kuporomoka, ama ni miongoni mwa zile zilizotengenezwa nje baada ya 1998 kwa ajili ya kuuziwa wakusanyaji, kama franga 1 ya mwaka 2004 yenye picha ya Papa Yohane Paulo wa Pili. Hizi za kundi la pili hazikuwahi kuzunguka sokoni Kolwezi, na nyingi hupatikana kwa bei ndogo kwa wauzaji wa Ulaya na Marekani.

Hapo ndipo macho hudanganywa. Kitu ambacho watu hawajakizoea huonekana adimu. Lakini uadimu wa sarafu haupimwi kwa idadi ya watu wa mtaa mmoja waliowahi kuiona. Hupimwa kwa idadi iliyobaki duniani, kwa hali ya ile iliyo mkononi, na kwa wingi wa wanaoitafuta. Sarafu yenye miaka 100 inaweza kuuzwa kwa bei ya soda, na yenye miaka 60 ikanunua pikipiki.

Mwaka 1943, kiwanda kimoja, sarafu mbili

Mfano mzuri ni franga 2 ya Kongo ya Wabelgiji ya mwaka 1943. Ni ya shaba nyeupe yenye rangi ya manjano, ina tembo upande mmoja, na haikukatwa duara: ina pembe sita. Anayeiona kwa mara ya kwanza huamini kwamba amepata ajabu. Ukweli ni kwamba zilitengenezwa 25,000,000. Ubelgiji ulikuwa umekaliwa na Wajerumani, kwa hiyo kazi hiyo ilipelekwa Marekani, katika kiwanda cha sarafu cha Philadelphia. Umbo lake ni la kipekee, lakini idadi yake ni kubwa, na ile iliyochakaa haifikii hata gharama ya kuituma kwa mtaalamu.

Mwaka huohuo, katika kiwanda hichohicho, ilizaliwa mojawapo ya sarafu zinazotafutwa sana duniani. Shaba nyekundu ilihitajika kwa risasi na nyaya za vita, na migodi ya kampuni ya Union Minière huku Katanga ilikuwa ikichimba kwa ajili ya majeshi ya washirika. Ili kuiokoa, Marekani iliacha kwa mwaka mmoja kutengeneza senti zake kwa shaba, ikatumia chuma kilichopakwa zinki. Senti za chuma zilizidi bilioni 1. Vipande vichache vya shaba vilivyobakia katika mitambo viligongwa kwa bahati mbaya pamoja nazo. Kutoka Philadelphia zinajulikana kati ya 10 na 15 tu.

Moja iliangukia katika chenji. Machi 1947 Don Lutes, mvulana wa miaka 16 wa Pittsfield, Massachusetts, aliipokea alipolipa chakula shuleni. Aliwaandikia wakuu wa hazina, wakamjibu kwamba senti za shaba hazikutengenezwa mwaka huo. Hakuiuza wala hakuitupa. Aliitunza maisha yake yote, na alipofariki mwaka 2018 kulikuwa na ushahidi wa kutosha duniani kwamba senti kama yake zipo kweli. Januari 2019 iliuzwa mnadani kwa dola 204,000.

Senti hiyo ina mtihani wake wa kwanza ambao hata mtoto anauweza. Wadanganyifu walichukua senti za chuma za 1943 na kuzipaka shaba, kwa hiyo sumaku huzinasa. Senti ya shaba ya kweli hainaswi. Wengine walichukua senti ya shaba ya 1948 wakakwangua tarakimu ya 8 hadi ikafanana na 3. Huyo sumaku haimkamati. Anakamatwa na kioo cha kukuzia, kwa sababu alama ya kisu hubaki kwenye tarakimu. Tajiri na maskini wa habari hii wanatenganishwa na vifaa viwili vya bei ya chini kabisa, na hakuna anayetoa dola mia kwa uchunguzi wa maabara kabla ya kuvipitia.

Pacha wa Katanga

Kwa msomaji wa Lualaba kuna sarafu moja inayostahili kujulikana kuliko zote. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Dola hiyo isiyotambuliwa ilikufa Januari 1963, majeshi ya Umoja wa Mataifa yalipoingia Kolwezi, ngome yake ya mwisho. Katika muda huo mfupi ilikuwa na benki yake ya taifa, noti zake, na sarafu zenye mwaka 1961. Upande mmoja kuna mkungu wa ndizi. Upande wa pili kuna msalaba wa shaba wa Katanga, ule ambao wazee wa eneo hili waliutengeneza na kuutumia kama mali kwa karne nyingi kabla ya Wazungu.

Sarafu za kawaida zilikuwa mbili, franga 1 na franga 5, zote za shaba iliyochanganywa na bati. Hizi si haba kupatikana. Wakusanyaji wanazipenda kwa historia yake, lakini bei yake ni ya dola chache, na hata iliyo safi sana haihitaji cheti cha maabara.

Lakini franga 5 ilikuwa na pacha. Mwaka huohuo zilitengenezwa 20,000 za dhahabu, zenye picha zilezile na thamani ileile iliyoandikwa. Kwa mbali, ile ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa na ile ya dhahabu iliyofifia kwa uchafu zinaweza kumchanganya mtu. Mkononi haziwezi, na kwenye mizani ndiyo kabisa. Ya dhahabu ina gramu 13.33. Ya shaba ina takriban nusu yake.

Hesabu ya thamani ya ile ya dhahabu ni nyepesi. Dhahabu yake ni sehemu 900 kwa 1,000, maana yake ndani yake kuna gramu 12 za dhahabu safi. Wakia moja ya soko la dunia ni gramu 31.1. Wakia ikiuzwa dola 3,000, gramu hizo 12 peke yake ni dola zaidi ya 1,150, kabla ya kuhesabu kwamba ni kumbukumbu ya nchi iliyodumu miaka miwili na nusu. Hapa uchunguzi wa kitaalamu una maana, na hapa pia mwenye sarafu ana cha kupoteza akikimbilia kuiuza kwa sonara atakayeiyeyusha.

Mizani, uzi na glasi ya maji

Kwa kuwa mizani ndiyo inayosema zaidi, inafaa kuonyesha inavyotumika. Kinachohitajika ni mizani ndogo ya mfukoni yenye kusoma hadi gramu 0.01, ile ambayo wanunuzi wa dhahabu hutembea nayo. Sarafu ipimwe kavu kwanza, mara tatu, na kipimo kiandikwe. Kisha glasi yenye maji iwekwe juu ya mizani na mizani irudishwe kwenye sifuri. Sarafu ifungwe kwa uzi mwembamba na kuteremshwa hadi izame yote, bila kugusa chini wala ubavuni. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu.

Uzito mkavu ugawanywe kwa namba hiyo. Dhahabu ya sarafu ya Katanga itatoa jibu karibu na 17. Shaba iliyochanganywa na bati itatoa karibu na 9. Fedha ya sarafu za zamani za Ulaya hutoa 10 na kitu. Hakuna rangi ya dhahabu inayoweza kuibadili namba hiyo kutoka 9 hadi 17, hata ipakwe kwa ustadi gani, kwa sababu rangi ni ngozi na maji hupima mwili mzima.

Kwa hili maji yanashinda hata kifaa ambacho wachimbaji wa Kolwezi wanakijua vizuri na wengi hawakiamini: ile bastola ya miali inayoitwa Metorex, inayotumiwa na depo za kununulia madini za Musompo kusoma kiwango cha shaba na kobalti katika mawe. Kifaa hicho hutambua metali kwa sekunde chache, na mwenye depo akikubali kukielekeza kwenye sarafu kinaweza kusaidia. Ila husoma tabaka la juu tu. Sarafu ya shaba iliyopakwa dhahabu nzito itaonyesha dhahabu. Kitumike baada ya mizani, kisichukue nafasi yake.

Baada ya uzito huja ukingo. Sarafu ya kweli hugongwa kwa mhuri wenye nguvu kubwa, kwa hiyo herufi zake zina kona kali na uwanja wake ni laini. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo kama vya jivu, herufi zenye mabega ya mviringo, na mara nyingi mstari mwembamba unaozunguka ukingo mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kamera ya simu ikisogezwa karibu, dirishani, mwanga ukitokea pembeni, huonyesha haya yote.

Zinazotarajiwa Lualaba

Nyingi katika zinazotoka kwenye makopo ya wazee wa eneo hili ni za enzi ya Wabelgiji, na zinaweza kupangwa kwa haraka.

Zenye tundu katikati, za senti 5, 10 na 20, ndizo zilizozoeleka. Tundu hilo ni la kiwandani, si kasoro. Zenye alama ya herufi A ni za Mfalme Albert, kuanzia 1910, na nyingi ni za bei ndogo. Za kutazama mara ya pili ni zile za 1906 na 1908, zinazotaja Dola Huru ya Kongo, na za 1909, mwaka wa mpito, zenye jina la Kongo ya Wabelgiji lakini bado na alama ya Leopold wa Pili aliyefariki Desemba mwaka huohuo.

Franga 1 na senti 50 za miaka ya 1920, zenye kichwa cha Albert upande mmoja na mchikichi upande wa pili, ziko nyingi. Franga za aluminiamu za miaka ya 1950 zenye majina ya Kongo na Ruanda-Urundi ziko nyingi zaidi. Makuta za Mobutu vilevile.

Ya fedha iko moja ya wakati wa vita: franga 50 ya 1944 yenye tembo, iliyotengenezwa Pretoria, 1,000,000 kwa idadi. Ina gramu 17.5, nusu yake ni fedha safi. Ikiwa haijachakaa inatafutwa, na thamani yake kwa mkusanyaji hupita ile ya fedha iliyomo. Mara nyingi picha nzuri na uzito sahihi vinatosha kumridhisha mnunuzi, lakini iliyo katika hali ya ajabu, yenye mng'ao wa kiwandani, inaweza kustahili gharama ya cheti.

Kubwa kuliko zote ni franga 5 ya fedha ya Leopold wa Pili, ya miaka ya 1887, 1891, 1894 na 1896, yenye kichwa cha mfalme na ngao iliyoshikwa na simba wawili. Uzito wake ni gramu 25, upana milimita 37, fedha sehemu 900 kwa 1,000. Hii ikiwa ya kweli na nzima ni ya mamia ya dola. Kwa sababu hiyohiyo, sarafu kubwa za fedha za karne ya 19 ndizo wanazozipenda wanaoghushi. Uzito ukipungua hata gramu mbili bila uchakavu unaoonekana, safari iishie hapo.

Kutoka upande wa Angola huingia za Kireno. Reli ya Benguela iliunganishwa na ya Katanga mwaka 1931, na pesa zilisafiri na watu. Eskudo 10 na 20 za 1952 na 1955 ni za fedha, sehemu 720 kwa 1,000, na hazihitaji cheti. Makuta za Angola za karne ya 18, zilizogongwa kwa shaba na kwa fedha tangu enzi ya Mfalme José wa Kwanza wa Ureno, ni habari nyingine, na yeyote anayeona jina lake na miaka ya 1760 asiharakishe kuiachia. Sarafu za leo za Angola na Zambia, nyingi zikiwa chuma kilichopakwa metali nyingine, hunaswa na sumaku na thamani yake ni ile iliyoandikwa.

Rupia za Tabora

Kila mkoa wa Afrika Mashariki una mtu anayesimulia rupia za Mjerumani zinazonunuliwa kwa mamilioni. Simulizi hilo lina mzizi wa kweli. Mwaka 1916, Wajerumani wa Afrika Mashariki walipozingirwa na kukatiwa meli, waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha pesa. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke waligonga sarafu za rupia 15 zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya Kilimanjaro. Zilitoka 16,198 tu. Kila moja ina gramu 7.17 za dhahabu ya sehemu 750 kwa 1,000. Walitengeneza pia heller 5 na heller 20 za shaba, nyingi sana, kwa sababu watu walihitaji pesa ndogo.

Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo askari wa Kongo wa Force Publique waliiteka Tabora. Heller ya Tabora kuonekana Kongo, basi, si muujiza. Lakini heller ni ya kawaida, ilitengenezwa kwa haraka na kingo zake si sawa, na bei yake ni ndogo. Ya dhahabu ni ya maelfu ya dola, na nakala zake za kisasa zilizopakwa dhahabu ziko tele. Hapo mtihani wa maji unafaa kuliko maneno ya mtu yeyote.

Simulizi la rupia pia ndilo mlango wa matapeli. Hupiga simu, hudai wana mnunuzi Dubai au Nairobi, hukubali bei yoyote, kisha huomba pesa ya "usajili" au ya "cheti" itangulie. Mnunuzi wa kweli hulipa. Haombi kulipwa.

Isisafishwe

Kosa linalopoteza pesa nyingi kuliko yote hufanyika nyumbani, kwa nia njema. Sarafu iliyoiva rangi ya kahawia au kijivu huoshwa kwa limau, husuguliwa kwa mchanga, majivu au dawa ya meno hadi ing'ae. Rangi ile iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ushahidi wa umri wake. Chini ya kioo cha kukuzia mkwaruzo huonekana kama nyuzi zilizopishana, na hauwezi kurudishwa. Maabara huandika kwenye cheti kwamba sarafu ilisafishwa, na bei inaweza kushuka kwa nusu au zaidi. Udongo uliokauka uloweshwe kwa maji safi na kuachwa udondoke wenyewe. Hali kadhalika tundu lililotobolewa kwa ajili ya mkufu, au alama ya kulehemu, hushusha sarafu ya fedha hadi karibu na bei ya metali yake.

Hesabu ya mwisho

Maabara mbili zinazotambulika zaidi na wanunuzi duniani ni za Marekani, NGC na PCGS. Kwa walio Afrika ya Kati, ofisi zao za Ulaya ndizo za karibu: PCGS iko Paris, NGC iko Munich na London. Kwa kawaida hupokea kupitia wanachama au wafanyabiashara walioidhinishwa. Ada huanzia makumi ya dola kwa sarafu moja, hupanda kwa kadiri thamani inavyopanda, na hairudishwi sarafu ikionekana ya bandia. Juu yake kuna usafirishaji wenye bima, ambao kutoka Kongo unaweza kupita ada yenyewe.

Kwa hiyo mwenye sarafu ajiulize mambo matatu kwa mpangilio. Kwanza, imetambuliwa? Katalogi ya Krause, na hazina ya Numista ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuipekua bila malipo, hutoa picha, uzito, upana na idadi ya kila sarafu ya Kongo. Pili, uzito, upana na ukingo vinakubaliana na kitabu? Tatu, ikiwa ya kweli, je, thamani yake katika hali iliyonayo ni mara tatu au nne ya gharama yote ya kuituma? Jibu moja la hapana linatosha kuiacha koponi. Majibu matatu ya ndiyo yanaipa haki ya safari. Kwa Lualaba, zinazofika hapo ni chache: dhahabu ya Katanga, fedha kubwa ya Leopold, dhahabu ya Tabora, makuta ya karne ya 18, na mara mojamoja franga 50 ya 1944 iliyo kamili.

Kabla ya kuituma, ipigwe picha pande zote mbili na ukingo, uzito uandikwe, na mwenyewe aandike ilipotoka na nani aliitunza. Isiwekwe kwenye plastiki laini ya PVC, ambayo hutoa maji ya kijani yanayokula metali. Ifungwe kwa karatasi safi kavu au kibweta cha sarafu.

Vitu vilivyotoka ardhini vina njia yake. Sheria ya Kongo ya 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni, na misalaba ya shaba ni mfano ulio wazi. Ile iliyofukuliwa katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, iliwapa wanaakiolojia ngazi ya kupimia karne za biashara ya bonde la Upemba, kwa sababu kila mmoja ulirekodiwa mahali ulipolala na mwili uliokuwa nao. Msalaba au kopo la sarafu lililong'olewa na kuuzwa usiku hupoteza maelezo hayo yote. Anayekutana na vitu kama hivyo shambani au mgodini aviache vilivyo, apige picha, na awajulishe wakuu wa eneo na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, ambako wapo watu waliofundishwa kuvisoma.